Injini ya Cessna 152 kwenye stendi: shajara ya karakana, Kisauni, Unguja

Januari, kaskazi imeshika

Injini imefika. Imevuka kutoka Dar ndani ya kasha la mbao, imepakwa girisi nzito ya kuzuia kutu, na kibati chake bado kinasomeka: Lycoming O-235-L2C. Ndiyo injini ya Cessna 152, ndege ya viti viwili iliyotengenezwa kuanzia 1977 hadi 1985 na ambayo mpaka leo marubani wengi wanaanzia kwayo. Hii yetu haitaruka tena. Imepita saa 2400, kikomo anachopendekeza mtengenezaji kabla ya kuifumua yote na kuijenga upya, na bei ya kuijenga upya inaizidi yenyewe. Kabla hata ya kuipangusa tumeipiga rangi nyekundu mgongoni na kuandika SI YA KURUKA. Vifaa vya ndege vikizagaa bila alama, siku moja huonekana vimerudi angani kimagendo.

Tunachotaka ni kuiwasha juu ya stendi ya chuma, na kuujenga mfumo wake wa mafuta uonekane wote kwa macho, ili vijana wa ufundi wanaotaka kusomea matengenezo ya ndege waushike kwa mikono kwanza. Wengi wao ndege wanazijua kwa mlio. Hapa Kisauni ndege ndogo za abiria aina ya Caravan zinapita juu ya mabati kutwa nzima, lakini zile ni injini za tabini, zinakunywa Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na karibu hakuna kitu chake utakachokikuta kwenye hii.

Silinda ni nne, zimelala mbili kushoto mbili kulia, zinapozwa na upepo tu. Ujazo lita 3.8, nguvu ya farasi 110 kwa raundi 2550 za dakika. Kijana anayetengeneza pikipiki Mwanakwerekwe alicheka kusikia: "Lita zote hizo kwa farasi mia na kumi? Noah ya lita mbili inaiacha mbali." Kweli inaiacha. Ila propela ya 152 imefungwa kwenye krenki moja kwa moja, bila gia, na ina urefu wa mita 1.75 ncha hadi ncha. Kwa raundi 2550 ncha zake zinakwenda kiasi cha mita 234 kila sekunde. Ukiipa raundi za Noah, ncha zitaivuka kasi ya sauti, na nguvu yote itaishia kwenye kelele. Basi injini inafanywa kubwa, nayo inakwenda taratibu. Yule kijana alinyamaza, kisha akauliza kama gia haiwezekani. Inawezekana, zipo injini za namna hiyo, lakini gia ni uzito na ni kitu kingine cha kuharibika.

Februari

Tangi. Kila anayeingia karakana anakwenda kwenye injini, anagusa mapezi ya silinda, anapiga picha. Tangi hakuna anayelitazama, na mimi nazidi kuamini kwamba tangi na mabomba yake ndiyo yanayostahili miezi yetu mingi kuliko silinda.

Kwenye ndege halisi yako matangi mawili ya alumini, moja kila bawa, jumla galoni 26 za Kimarekani, yaani lita 98. Zinazotumika ni kama lita 93. Zilizobaki zinakaa chini ya mdomo wa bomba wala hazifiki popote. Mabawa yako juu ya kichwa cha rubani, kwa hiyo mafuta yanateremka yenyewe: kutoka matangini yanapita kwenye nguzo za milango, yanafika kwenye valvu moja sakafuni kati ya viti, yanaingia kwenye chujio, halafu kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Pampu hakuna. Valvu ni ya kufungua na kufunga tu, huchagui kushoto wala kulia. Ndugu yake mkubwa, Cessna 172, ana kichaguzi cha kushoto, kulia au yote mawili. Ndege za Piper za mabawa ya chini hazina namna ila kupandisha mafuta kwa pampu, moja ya injini na nyingine ya umeme ya akiba, na rubani lazima akumbuke kuhama tangi.

Tumejenga tangi la kushoto peke yake, kwa alumini, likakaa mita moja juu ya kabureta. Mita moja ya mafuta haya ni mgandamizo wa kilopaskali 7 hivi, sehemu moja tu ya kumi na nne ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Kidogo hicho ndicho kila kitu. Bomba likipinda vibaya, chujio likijaa taka, au kiputo kimoja cha hewa kikikaa kwenye kona iliyoinuka, hakuna pampu ya kulazimisha.

Kwa maonyesho tumetumia mipira inayoona ndani, na mafuta ya taa badala ya petroli. Mipira hiyo haitakaa siku ya kuwasha. Petroli ingeikausha na kuipasua, na iko karibu na ekzosi. Kanuni za Marekani za ndege ndogo zilitaka mfumo wa kuteremka wenyewe uweze kupitisha walau asilimia 150 ya mafuta yanayoliwa wakati wa kupaa, na wenye pampu asilimia 125. Tumeweka ndoo chini, tumefungua, tumehesabu kwa simu. Kwa raundi tunazokusudia tuna ziada ya kutosha.

Machi, Ramadhani

Kazi ni baada ya tarawehe. Magneto.

Hiki ndicho kitu kinachowashangaza zaidi mafundi wa gari: injini ya ndege haihitaji betri ili iendelee kuwaka. Magneto mbili zinajitengenezea umeme zikizungushwa na injini yenyewe, kila silinda ina plagi mbili, na magneto ikifa nyingine inabeba. Kwenye injini hii cheche inapigwa nyuzi 20 za mzunguko wa krenki kabla pistoni haijafika juu. Kwa kuwasha hapo ingepiga teke, ndiyo maana kuna kifaa cha springi kinachochelewesha cheche na kuizungusha magneto kwa ghafla. Ukiigeuza propela taratibu unakisikia: "ka!"

Mzee wetu, fundi mstaafu wa hangari, aliwasimamisha vijana wote nyuma ya mstari wa chaki kabla ya kuigusa. "Wanangu, swichi ya gari ikizimwa umeme unakatika. Hii ikizimwa, waya unaupeleka umeme wa magneto ardhini, kwenye mwili wa injini. Sasa waya ukikatika?" Kimya. "Swichi inasema imezimwa, na magneto iko hai. Umeegemea propela unapiga soga, silinda ina mvuke wa mafuta kidogo, basi mkono huna."

Waya ule wa kwetu ulikuwa mzima, lakini kichwa chake kilikuwa na unga wa kijani. Chumvi ya bahari haichagui. Tumekata, tumefunga kichwa kipya, tumekipima.

Machi mwisho, mvua za mwanzo

Mafuta. Pendekezo la kwanza, kama nilivyotarajia, lilikuwa twende sheli. Hapana. Uwiano wa kubana wa O-235-L2C ni 8.5 kwa 1, na ilitengenezwa kwa avgas 100LL, petroli ya ndege. Ukiipa mafuta yenye okteni ndogo, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati, na pistoni inaliwa huku masikio yakiwa yamezibwa na kelele za propela. Hutausikia ule mgongano unaousikia kwenye gari. Petroli nyingine huwa na ethanoli, inayovuta maji na kulainisha mipira ya zamani. Tumepewa lita chache za avgas na watu wa hangari.

Ina rangi ya buluu nyepesi, na ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita. Petroli ya magari ilikwisha kuachana na risasi hapa kwetu, kwa hiyo vijana hawajawahi kuishi nayo. Amri ya karakana: hakuna kuvuta mafuta kwa mpira mdomoni, mtindo ambao kila mtu hapa anaujua, na mikono inaoshwa kabla ya kula.

Somo la maji lilichukua jioni nzima, na lilistahili. Avgas ina uzito wa kiasi cha kilo 0.72 kwa lita, maji kilo moja, basi maji yanakaa chini. Ndiyo maana valvu ya kumwagia iko mahali pa chini kabisa pa tangi, na nyingine kwenye chujio, na rubani anakinga kwenye kikombe kinachoona ndani kabla ya safari ya kwanza ya siku na kila baada ya kujaza. Vijana walikinga, wakaona vitone vya maji vinatambaa chini ya buluu kama walivyoambiwa, wakafurahi. Mzee akaenda nyuma, akarudi na kikombe kingine.

"Hiki je?"

Wakakiinua kwenye taa. Hakuna mstari, hakuna vitone. "Safi, Mzee."

"Nusa."

Kilikuwa maji matupu. Ukitafuta mstari kati ya maji na mafuta, kikombe chote kikiwa maji mstari hutauona. Kwanza tazama rangi, halafu nusa, mstari baadaye. Alimaliza na karatasi nyeupe: tone la avgas lilikauka na kuondoka, tone la Jet A-1 likaacha doa la mafuta. Avgas ikichanganywa na Jet A-1 rangi ya buluu inafifia, na injini ya pistoni inaweza kuwaka vizuri kwa mafuta hayo muda wa kutosha kukupandisha juu ya mnazi, kisha basi.

Kwa hali ya hewa yetu maji hayahitaji mvua. Tangi likilala nusu tupu, hewa iliyomo ina unyevu, usiku bati linapoa, umande unajikusanya ndani na kuteremka. Mabanda mengi hujaza matangi jioni kwa sababu hiyo. Njia nyingine ya maji ni mpira wa kifuniko uliokauka, nao masika inaupata.

Aprili, mvua

Hakuna kilichofanyika cha maana. Ua limejaa maji. Tumeifunika injini kwa turubai, tumemwaga oili ya zamani, tumechuja kutafuta chembe za chuma. Hazikuwapo za kutisha.

Aprili mwisho

Imewaka.

Tumefunga propela ya majaribio, fupi na pana, ndani ya wavu wa chuma. Mitungi miwili ya kuzimia moto. Oili lita tano na nusu na kidogo. Pampu ndogo ya mkono ya kunyunyizia mafuta tumeivuta mara moja tu. Kwa joto la hapa ukizidisha mafuta yanateremka kwenye njia ya hewa na kuota moto chini ya kabureta. Kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa mbele kabisa, cheusi cha gesi, cha kuongeza raundi, kidogo, Mzee akapiga kelele "Propela wazi!" na akageuza funguo. Ikakohoa, ikatoa moshi wa girisi ya miezi, ikashika.

Kwa raundi 1700 tukapima magneto. Kitabu cha 152 kinaruhusu kushuka kusikozidi raundi 125 kwa kila moja, na tofauti isiyozidi 50 kati yao. Zetu zilishuka 90 na 70. Kuzima ni kwa kishikio chekundu, si kwa funguo: unakata mafuta, injini inayala yaliyobaki, na silinda zinabaki tupu. Ukirudi kwenye maneno ya Mzee ya mwezi wa Ramadhani utajua kwa nini.

Mei, wiki ya kwanza

Tatizo, na ni la aina nzuri. Injini inawaka vizuri, inakaa dakika kadhaa kwa raundi 1700, halafu inaanza kumisi, raundi zinapanda na kushuka, inazimika. Ukiiacha kidogo inakubali tena. Rai zilikuwa nyingi: magneto ikipata moto inapoteza nguvu, boya la kabureta limekwama, chujio limeziba. Chujio lilifunguliwa, lilikuwa safi. Bakuli la kabureta likamwagwa: lilikuwa karibu tupu. Kwa hiyo mafuta hayafiki, na tangi limejaa zaidi ya nusu.

Mzee alituambia tuiwashe, na ikianza tu kumisi mtu afungue kifuniko cha tangi. Nilipanda mimi. Nilipokilegeza kikapiga "fyuuu" ndefu, hewa ikaingia, na ndani ya muda wa kuteremka ngazi injini ilikuwa imetulia.

Kopo la maziwa likitobolewa tundu moja tu, maziwa hayatoki. Tangi nalo ni lile lile: kila lita inayotoka lazima ipokewe na lita ya hewa, la sivyo utupu unajenga juu ya mafuta na kuyavuta nyuma, na ule mgandamizo mdogo wa mita moja unaliwa wote. Kwenye 152, tangi la kushoto linapumua kwa bomba jembamba linalotokeza chini ya bawa karibu na mhimili, lenye valvu ya njia moja. La kulia limeunganishwa na la kushoto kwa bomba la juu, na kifuniko chake nacho kina tundu. Sisi tuna la kushoto tu, kwa hiyo pumzi ilikuwa moja.

Tulipolikagua bomba hilo kwa waya, ulitoka udongo mkavu, na ndani ya udongo buibui wadogo waliolemaa. Nyigu. Wale wembamba weusi wanaojenga kwa tope kwenye vitasa na madirishani. Wakati wa mvua injini ikiwa chini ya turubai mmoja aliona tundu limemfaa. Hili si la Unguja peke yake. Nyigu na vidudu wamezima ndege nchi nyingi, na ukaguzi wa kabla ya kuruka unamtaka rubani ainame chini ya bawa atazame tundu lile. Ni kipengele ambacho mwanafunzi hukipita kwa kulitupia jicho tu. Hawa wetu hawatakipita. Tumeshona kizibo cha kitambaa chekundu chenye utepe mrefu, kinavuliwa kabla ya kuwasha.

Mei, katikati ya masika

Ile niliyoingojea. Nilipowaambia vijana kwamba kabureta inaweza kushika barafu, mmoja alisema, "Barafu Unguja? Hata ya kuuza haikai." Nikamwambia tungoje asubuhi ya mvua.

Leo saa 2 asubuhi mvua ilikuwa imekatika, nyuzi 26, hewa nzito ya kukamuliwa. Tumeiwasha, tumeipasha, kisha tumeishusha raundi 1500 na kuondoa mikono. Ndani ya kabureta mambo mawili yanapoza kwa pamoja: mafuta yanageuka mvuke na kunyonya joto, na hewa inapanuka ikipita kwenye koo jembamba. Joto linaweza kushuka kwa nyuzi 20 na hata zaidi ya 30. Hewa ya Ulaya ya baridi kali ikiwa kavu haina maji ya kugandisha. Ya kwetu imejaa maji. Na gesi ikiwa imepunguzwa, kile kibati cha kipepeo kimefunga nusu ya njia, na mahali hapo hapo ndipo barafu inaposhika kwanza.

Mwili wa kabureta ulianza kutoka jasho. Matone yalikusanyika chini ya bakuli na kudondoka, huku silinda juu yake huwezi kuzigusa kwa moto. Sindano ya raundi ikateremka, polepole mno kiasi kwamba ukiitazama huioni: 1500, 1450, karibu 1400. Hakuna aliyegusa kitu.

"Vuta joto," Mzee akasema.

Kishikio cha joto la kabureta kinafungua njia ya hewa iliyozunguka ekzosi. Tulilitengeneza koti lake kwa bati. Nilipokivuta raundi zilishuka zaidi, injini ikatikisika na kukohoa, na kijana wa Mwanakwerekwe akanyoosha mkono kukirudisha. Mzee akamshika kifundo. Sekunde chache mbaya zikapita, barafu ikawa inayeyuka na injini inameza maji, halafu mlio ukajisafisha na sindano ikapanda. Tulipokirudisha ilisimama 1500 na kidogo.

Mkono ule ndio hasa nilitaka wauone. Joto linapunguza nguvu kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, na barafu ikiyeyuka mambo yanazidi kuwa mabaya kabla ya kupona. Rubani asiyejua anarudisha kishikio wakati dawa ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi. Hewa hiyo pia haipiti kwenye chujio la hewa, kwa hiyo chini, kwenye vumbi, haivutwi ovyo.

Yule kijana aliuliza kama ndege mpya zina shida hii. Cessna 172 za kuanzia 1996 zinapuliza mafuta moja kwa moja kwenye milango ya silinda, kabureta hakuna, na barafu ya namna hii hakuna. Ila mwombe rubani wake aiwashe tena saa 8 mchana dakika kumi baada ya kuizima: mafuta yamechemka kwenye mabomba juu ya injini, yamekuwa mvuke, na inazungushwa mpaka betri inalalamika.

Juni, kusi imeanza

Plagi za chini zimetolewa. Zina vipunje vya kijivu vya risasi, matokeo ya kuiendesha kwa raundi ndogo na mchanganyiko mnene. Tunavikwangua kwa ncha laini, na kuanzia sasa baada ya kupasha tunapunguza mafuta kidogo kwa kishikio chekundu hata hapa chini. Gasketi ya chujio inavuja tone moja moja, nyingine imeagizwa Dar. Alumini ya tangi la kulia imekwisha kukatwa. Gasketi ikifika tutalifunga pamoja na bomba la juu la kuunganisha pumzi, na bomba la pumzi la kushoto tutaliziba makusudi tuone kifuniko chenye tundu peke yake kinatosha au hakitoshi.